Mistari Mitatu Chini ya Muhuri

Siku Fundi alipopanda ngazi na kompyuta yake kwapani, Mama Vidole alijua kabla hajaambiwa kwamba unga wake unakaribia kumwagika. Mtu hakai miaka thelathini na moja kwenye kiti kimoja akakosa kunusa jambo. Asubuhi ile mkwe wake alikuwa mpole kupita kiasi: alimwekea chai mezani bila kuombwa, akamuuliza habari za mgongo, habari za usingizi, hata habari za jirani yao ambaye wote wawili hawampendi. Upole wa namna hiyo, katika ofisi ya watu wawili tu, una jambo lake.

Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la miwani. Chumba cha mbele walisubiri wateja, kwenye benchi lenye mto uliopasuka. Cha nyuma walikaa wao, meza zikitazamana, na katikati printa moja iliyokohoa kila ilipoanza kazi. Aliyeifungua ofisi ni marehemu mumewe Mama Vidole, enzi za mashine za taipu. Alipofariki, mwana wao hakutaka kabisa kusikia habari za tafsiri, yeye ni mtu wa malori na safari ndefu. Lakini kwa jambo moja mama yake alimsifu mpaka kesho: alioa mtafsiri.

Kazi waliigawana hivi. Hati za watu zilikuja kama picha. Nyingine zimeskaniwa vizuri, nyingine zimepigwa kwa simu mtu akiwa amesimama kwenye kivuli chake mwenyewe. Programu ambayo Mkwe alitafsiria haikuweza kufanya lolote na picha. Kwake picha ya cheti na picha ya mbuzi ni mamoja. Ilitaka maandishi yaliyochapwa, herufi kwa herufi, na majedwali yaliyochorwa upya. Hapo ndipo alipoingia Mama Vidole. Aliweka rula juu ya karatasi, miwani puani, akachapa. Alichapa kwa kasi hadi watu wakamsahau jina na kumbandika hilo la vidole, na hata karani wa benki alimwita hivyo bila kutabasamu.

Jambo ambalo watu hawakulijua, au yeye alidhani hawalijui, ni kwamba vidole vyenyewe vilikuwa vimeanza kumgomea. Kwa miezi saba sasa viwili vya mkono wa kulia vilikakamaa kila asubuhi kama vijiti. Alikuwa akifika ofisini kabla ya Mkwe, anajifungia chooni, anafungulia maji ya moto na kuvilowesha hadi vinyooke. Kisha anatoka akiwa amejifuta vizuri, anakaa, anasema, "Leo umechelewa, mwanangu."

"Mama," Mkwe alisema sasa, Fundi akiwa bado anahema kwa ngazi, "Fundi ametuletea programu tatu za kusoma maandishi kwenye picha. Ni za majaribio, siku kumi. Unaipa picha ya karatasi, inakutolea maandishi. Nataka tuchague moja."

"Tuchague?"

"Uchague wewe. Nani anazijua karatasi kuliko wewe?"

Mama Vidole aliitambua mara moja hiyo: kilemba cha ukoka. Kumfukuza mtu ni jambo moja. Kumfukuza na kumwomba akuchagulie atakayekalia kiti chake ni jambo jingine, na linahitaji moyo mgumu sana au mpumbavu sana, na Mkwe hakuwa mpumbavu. Alikunywa chai yake polepole.

"Sawa," alisema. "Nionyesheni hao wachumba."

Fundi alikuwa mtu wa makamo, mwenye kalamu tatu mfukoni na hata moja haiandiki. Alikuwa mchangamfu, na kwa bahati mbaya alikuwa amejiandaa. Alifungua kompyuta akaeleza kwamba wiki iliyopita alichukua kurasa sitini kutoka kwenye hifadhi ya ofisi, akazipitisha kwenye programu zote tatu. Ya kwanza ilipata tisini na tisa kwa mia. Ya pili tisini na tisa kwa mia. Ya tatu tisini na tisa na nusu.

"Kurasa gani hizo?" Mama Vidole aliuliza.

"Za mafaili yenu. Kabati lile la kijani."

Mama Vidole alimtazama. Halafu akacheka, na kicheko kikamwishia kwenye kikohozi hadi Mkwe akainuka kumpigapiga mgongoni. "Baba, kabati la kijani ni langu mimi! Karatasi za watu tunawarudishia wenyewe. Tunazobaki nazo humo ni nakala safi nilizochapa kwa mkono wangu. Wewe umewapa hao wachumba wako mtihani ambao majibu nimeshawaandikia."

Fundi alitoa macho. Mkwe alijifunika uso kwa viganja, maana funguo za kabati alikuwa ametoa yeye, na katika miaka yote tisa aliyofanya kazi pale hakuwa amefikiri hata siku moja kwamba ofisi yao haina karatasi mbaya hata moja ya kuonyesha.

"Mtihani nitautunga mimi," alisema Mama Vidole.

Na hapa lazima ukweli usemwe: hakuutunga kwa nia njema. Aliutunga kwa roho mbaya, tena kwa raha. Kwenye kompyuta yake kulikuwa na kazi ya mkunga mmoja, kurasa mia moja themanini na sita, iliyoingia siku tatu zilizopita. Mkunga huyo alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na miwili katika zahanati tatu, kisha akahamia nchi ya mbali alikoolewa binti yake. Huko alikuwa akipiga deki kwenye wodi ya wazazi, huku ameshika ndoo, akiwasikiliza wakunga wengine wakifanya mambo ambayo yeye angeyafanya amefumba macho. Ili apewe leseni alitakiwa athibitishe miaka yake ya kazi. Zahanati zake mbili zilikuwa zimefungwa na madaftari kutupwa. Kilichobaki ni picha ambazo mwenzake mmoja aliwahi kuzipiga kabla hayajatupwa. Jopo la leseni lingekaa baada ya siku kumi na mbili. Asipowasilisha, angesubiri mwaka mzima.

Mama Vidole alizipekua picha hizo zote na kuchagua kurasa kumi na mbili zilizo chafu kuliko zote. Ukurasa uliopigwa picha na kidole gumba cha mpigaji kimeonekana pembeni. Ukurasa wa karatasi nyepesi ambapo maandishi ya nyuma yanatokeza mbele. Barua ya faksi iliyofifia hadi ikabaki kama jasho kwenye shati. Maelezo yaliyobanwa pembeni kwa kalamu ya risasi. Na ukurasa mmoja wa daftari la uzazi, mistari ishirini na minne, ambapo mtu fulani mwenye wino mwingi na haraka nyingi alipiga muhuri wa zambarau katikati kabisa, akafunika mistari mitatu. Waache wapambane nao, aliwaza, halafu tuone nani atarudi kumbembeleza nani.

Walifanya mtihani saa nne asubuhi, printa ikikohoa.

Programu ya kwanza iliruka kila kilichoandikwa pembeni na ikaunganisha safu mbili za jedwali kuwa sentensi moja ndefu ya kichaa. Mama Vidole akaipa jina la Mzembe papo hapo. Ya tatu, ile iliyopata tisini na tisa na nusu, ilichukua muda, na ilipomaliza ukurasa ulikuwa umejaa alama za njano, maneno mengine yakiwa na viulizo, sehemu nyingine wazi kabisa. Fundi alitikisa kichwa. "Hii inaogopa. Kila kitu inauliza. Utakaa nayo mpaka jioni ukiijibu." Hiyo ikawa Mwoga.

Ya pili ilimaliza kurasa zote kumi na mbili kwa dakika nne. Hakuna doa. Hakuna kiulizo. Majedwali yalinyooka, aya zilipangika, barua ya faksi ilisomeka kama imeandikwa jana na mtu aliyesoma sana. Hata Mama Vidole mwenyewe hakuona pa kutoa kasoro. Hiyo ilikuwa Bwana Harusi: imevaa, imenukia, imeingia ukumbini na wote wamesimama.

"Basi ni hii," alisema Fundi.

"Inaonekana ni hii," alisema Mkwe, na akamtazama mama mkwe wake kwa jicho la pembeni. "Mama?"

"Niachieni nizipitie," alisema Mama Vidole. Alisema hivyo ili apate pa kuinamisha uso. Kurasa kumi na mbili kama zile zingemchukua siku mbili na nusu, na siku hizi, kwa vidole hivi, labda nne. Aliumia. Si kwa hasira tena, maana hasira ilikuwa imemtoka kama hewa kwenye mto wa benchi. Aliumia kama mtu anavyoumia akiona kazi aliyoifanya maisha yake yote imefanywa na kingine kabla chai haijapoa.

Fundi akaaga, akisema atarudi alasiri kuweka sahihi za ununuzi. Mkwe akaenda chumba cha mbele kumhudumia mteja wa cheti cha ndoa. Mama Vidole akabaki na karatasi, rula na miwani.

Alikuwa na namna yake ya kuhakiki, aliyofundishwa na mumewe, na hakuwahi kuiacha. Alisoma kutoka chini kwenda juu. Mstari wa mwisho kwanza, kisha unaofuata, hadi kichwa cha ukurasa. Ukisoma kutoka juu, mumewe alikuwa akisema, akili inatangulia na kumalizia sentensi kabla ya jicho kufika, na utaona kilichotakiwa kuwepo badala ya kilichopo. Ukisoma kutoka chini huna hadithi ya kukubembeleza. Wageni waliomwona wakati mwingine walidhani kizee kimechanganyikiwa.

Basi alipofika kwenye ukurasa wa daftari la uzazi aliuanza kwa mguu wake. Na mguuni mwa ukurasa, chini ya jedwali, kulikuwa na mstari wa jumla. Bwana Harusi alikuwa ameusoma sawasawa, na kwenye picha ulionekana wazi: Waliozaliwa, 24. Hai, 23.

Akapanda juu na rula yake. Mstari wa ishirini na nne: umri wa mama, uzito wa mtoto, hali, hai. Wa ishirini na tatu, hai. Alikuwa akihesabu bila kujijua, kwa mdomo, kama anavyohesabu kila mtu anayesoma majedwali. Alipofika kileleni alikuwa na hai ishirini na nne.

Alirudia. Ishirini na nne.

Akashika picha yenyewe, akaiinua dirishani, akaisogeza karibu na miwani, akaivua miwani, akaivaa tena. Mistari ya kumi na tatu, kumi na nne na kumi na tano haikuonekana. Pale palikuwa na zambarau tupu, nene, kuanzia ukingo hadi ukingo. Hakuna jicho la binadamu wala la mashine lingeweza kuona chini yake. Lakini kwa Bwana Harusi mistari ile mitatu ilikuwepo, imenyooka, na umri wa mama, na uzito wa mtoto hadi nukta, na hali: hai, hai, hai. Alikuwa ameona mistari ya juu na ya chini ilivyo, akashona mitatu inayofanana nayo, akaziba tundu, na hakumwambia mtu.

Alimwaza mkunga mbele ya jopo, mtu mmoja mwenye kalamu nyekundu akihesabu mistari kama alivyohesabu yeye. Mbona hapa chini mmoja amekufa, na huku juu wote wazima? Umemficha wapi? Ndoo na deki vingemsubiri maisha.

Akachukua karatasi ya Mwoga, ile ambayo hakuna aliyetaka kuitazama mara ya pili. Mistari yote mitatu ilikuwa na njano, na ndani ya njano hakukuwa na kitu. Aliitazama njano ile kwa muda mrefu. Miaka thelathini na moja, kila alipokutana na muhuri au doa la mafuta, yeye mwenyewe aliacha nafasi na kuandika kwenye mabano: hapasomeki. Mumewe aliwahi kugombana na wateja kwa ajili ya mabano hayo. Sasa kidude hiki kisicho na mume wala mkwe kilikuwa kimefanya vilevile.

Akapitia kurasa zake nyingine kumi na moja, kutoka chini kwenda juu. Kilipouliza, kulikuwa na sababu ya kuuliza. Kisipouliza, kilikuwa sahihi. Alipata kosa moja tu ambalo hakikulishuku, na lilikuwa nukta.

Hapo ndipo shetani alipomkalia begani, na lazima hilo nalo lisemwe. Fundi alishaikataa Mwoga. Mkwe hakuifungua. Kama Mama Vidole angesimama sasa na kusema tu kwamba Bwana Harusi ni mwongo, na ushahidi anao, programu zote tatu zingefungiwa virago, na Fundi angeshuka ngazi na aibu yake. Asingekuwa amesema uongo hata kidogo. Angebaki kwenye kiti chake.

Aliisogeza kibodi mbele yake, akaweka picha ya kwanza ya mkunga kushoto, akaanza kuchapa ili ajue kama bado anaiweza kazi yake. Hakutaka kubahatisha juu ya nafsi yake. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro robo. Alichapa kwa juhudi zote, kidole cha shahada kikigonga herufi ya jirani, akifuta, akirudia. Saa sita na nusu alikuwa na nusu ukurasa, na mkono ulimuuma hadi kwenye kiwiko. Kurasa mia moja themanini na sita, siku kumi na mbili. Hata akili ya mtu mwenye hasira inaweza kupiga hesabu hiyo.

Akabaki amekaa, mikono mapajani.

Mkwe aliporudi alimkuta hivyo. "Mama, umekula?"

"Kaa chini," alisema Mama Vidole. "Usinikatishe mpaka nimalize, maana nikikatishwa naweza nisimalizie."

Alimwonyesha jumla ya chini. Alimwonyesha hai ishirini na nne. Alimwonyesha zambarau, kisha mistari mitatu ya Bwana Harusi, na Mkwe akashika kinywa. Halafu akavuta pumzi, akaweka karatasi ya Mwoga juu ya zote.

"Hii hapa haidanganyi," alisema. "Isipoona inasema sioni. Nimeihakiki yote. Nunueni hii. Fundi amekosea na mimi nilikuwa karibu kumwacha akosee, kwa sababu ingenifaa. Hata zile kurasa nilizichagua mbovu makusudi, zote zishindwe. Basi, nimesema. Kesho nitaanza kutoa vitu vyangu kwenye droo."

Mabega ya Mkwe yakaanza kutikisika, na Mama Vidole akadhani analia, kumbe anacheka.

"Vitu vyako unavipeleka wapi?"

"Nyumbani. Mchapaji wa nini tena hapa?"

"Mama." Mkwe alijifuta macho, na sasa ilikuwa vigumu kujua kama ni kicheko tu. "Mimi kila asubuhi nakaa pale chini ngazini robo saa. Nakaa kwenye ngazi kama mgonjwa anayesubiri daktari. Kwa sababu nikipanda mapema nasikia maji chooni, na wewe hutaki nisikie. Miezi saba sasa. Nimemtafuta Fundi kwa ajili ya hayo maji, si kwa ajili ya kiti chako."

Ilimkata maini Mama Vidole kwamba mtoto wa watu alikuwa akikaa kwenye saruji ya baridi kila siku ili kumlindia heshima yake, na yeye alimdhania moyo mgumu. Alitaka kusema hivyo na akashindwa. Badala yake alisema, "Ungeniambia."

"Nikuambie wewe? Ungenitupa dirishani."

Hilo lilikuwa kweli, na wote wawili walilijua.

Mkwe akavuta kiti, akaiwasha Mwoga, akaipa kazi yote ya mkunga, kurasa zote mia moja themanini na sita. Walikula wakati inasoma. Ilipomaliza, chini kwenye kioo cha kompyuta pakatokea idadi ya sehemu ambazo haikuwa na uhakika nazo: elfu moja mia tisa na nne.

"Haya," alisema Mkwe. "Nani atazijibu hizi? Mimi? Mimi nikiitazama fotokopi mbovu naona mvua tu. Fundi? Fundi alikuwa tayari kununua yule mwongo. Kujibu hizi hakuhitaji vidole kumi, Mama. Kunahitaji kimoja, na macho yako."

Mama Vidole alisogeza kiti karibu na kioo. Njano ya kwanza ilikuwa tarehe kwenye barua ya faksi. Aliitazama, akaona namna mwandishi alivyofunga herufi zake mstari wa juu, akajua. Akagonga kwa kidole kimoja. Njano ikafutika. "Inayofuata," alisema, kana kwamba anaita wagonjwa.

Fundi aliporudi alasiri alikuta mkataba wake umewekwa alama kwenye jina jingine. Alibisha kidogo kwa heshima ya taaluma yake, akaonyeshwa zambarau na hai ishirini na nne, akakaa kwenye benchi la mto uliopasuka. "Shikamoo, mama," alisema mwishoni, kwa mara ya pili siku ile.

Siku ya sita walimpigia simu mkunga. Njano zilizobaki zilikuwa chache, nyingi majina ya vijiji na sahihi, na Mama Vidole alizisoma kwa sauti, na yule mama wa mbali akajibu haraka haraka, akifurahi, akikumbuka. Kisha wakafika kwenye mistari mitatu.

"Hapa tumeacha wazi," alisema Mama Vidole. "Muhuri umefunika. Jumla yako chini inasema mmoja hakuishi."



"Kumi na nne," alisema mkunga. "Ni mstari wa kumi na nne. Mvulana. Hakulia. Nilimshika nusu saa nzima nikijaribu, mpaka mama yake ndiye akaniambia, basi, dada, mwache." Akapumua. "Nilidhani mmenipigia kuniambia kwamba nanyi mmeandika wote ni wazima. Kuna ofisi nyingine nilianza nayo kabla yenu, ya bei rahisi. Waliniletea ukurasa huo umejaa, mzuri, na yule mvulana ameandikwa hai. Niliusoma nikashindwa kula. Ndiyo maana nilihama."

"Hatuandiki ambacho hatujakiona," alisema Mama Vidole. "Tutaweka kwenye mabano kwamba hapasomeki. Wewe andika kwa mkono wako mwenyewe ulichokiona, nasi tutakitafsiri, tutakiambatisha. Hivyo hakuna atakayesema ulimficha."

"Ahsante kwa kumwachia nafasi yake," alisema mkunga.

Siku ya tisa kazi iliisha, siku tatu kabla ya jopo. Printa ilikohoa kurasa zote na Mkwe akazifunga kwa uzi, kisha akachapa ukurasa wa mwisho, ule wa uthibitisho, ambao katika maisha yote ya ofisi ile ulikuwa na mstari mmoja tu wa sahihi: Mtafsiri. Zamani aliusaini baba mkwe, sasa aliusaini yeye. Mchapaji hasaini popote. Hakuna sheria inayomtaka asaini.

Mkwe aliugeuza ukurasa kuelekea meza ya pili. Chini ya sahihi yake palikuwa na mstari mwingine, mpya, na neno chini yake: Msomaji.

Mama Vidole aliusoma kutoka chini kwenda juu. Kisha akaomba kalamu inayoandika, na ilipopatikana akaandika majina yake yote matatu, herufi moja moja, vidole vikikaidi na yeye akivilazimisha. Alichukua muda mrefu. Mjumbe wa kupeleka kifurushi alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake mkononi, na Mkwe alimwambia asubiri.